Fimbo Mbili za Bwana Waya

Jumatatu, 2 Machi

Daktari amesema presha yangu haitashuka kwa vidonge peke yake, nipunguze na hasira. Nikamwuliza kama anayo dawa ya kupunguza wajinga. Akacheka kama mtu aliyezoea kuchekea wagonjwa, akasema, "Kila kinachokukera kiandike, halafu funga daftari." Nimenunua daftari nene.

Mvua imeanza leo na muhula umeanza leo. Okestra ya chuo nayo imeanza leo, isipokuwa wapiga selo, zile fidla kubwa za magotini, ambao walikuwa bado wanatafuta selo. Naongoza okestra hii tangu nikiwa na nywele. Wengi ni wanafunzi. Katikati yao nimewachomeka watu wazima sita ambao chuo huwakodi muhula kwa muhula, la sivyo isingekuwa okestra bali ajali ya barabarani. Mkubwa wao ni mpiga fidla wa kwanza, mwanamke wa makamo anayevaa miwani yenye kamba. Kwa miaka yote aliyokaa nasi sijamsikia akisema zaidi ya "Sawa, Mwalimu." Ndiyo sababu namheshimu.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Dari la ukumbi wa mazoezi linavujia ngoma kubwa. Mpiga ngoma kaomba ahamishwe. Nimemjibu kwamba angalau tone linaanguka kwa wakati.

Ijumaa, 6 Machi

Mkuu wa chuo aliita kikao. Huyu ni mtu aliyewahi kufundisha filimbi mihula miwili, kisha akagundua vikao, na tangu hapo hajapuliza kitu ila maneno. Leo alimleta mhandisi kutoka idara ya kompyuta, bwana mnene, mpole, mwenye karanga mfuko wa shati. Nimemwita Bwana Waya, kwa sababu alipoingia alikuwa amejizungushia waya shingoni kama mganga aliyepotea njia.

Kilichowekwa mbele yetu ni ubao wa kijivu, ukubwa wa sinia la kuandalia wageni, umelazwa juu ya miguu ya meza. Kando yake fimbo mbili, kila moja na uzi wa umeme mkiani. Ubao unahisi ncha ya fimbo ilipo hewani, hata usipoguswa. Noti zote za wimbo zimo ndani ya kompyuta tayari. Fimbo ya kulia ikishuka, kompyuta inapiga noti za pigo hilo na kusubiri pigo jingine. Fimbo ya kushoto ikipanda, sauti inakua. Ikienda pembeni, fidla zinatangulia au selo zinatangulia.

"Kwa hiyo," nikasema, "mashine inapiga muziki, na mtu anapunga mikono aonekane yumo."

"Hapana, Mwalimu," akajibu huku akimenya karanga. "Kompyuta inajua noti gani inafuata. Haijui lini, wala kwa nguvu gani. Hilo ni la mtu."

Mkuu akasema huo ndio mustakabali. Kila kitu kinachoingizwa na Mkuu mlangoni ni mustakabali. Mwaka juzi mustakabali ulikuwa mapazia.

Alhamisi, 12 Machi

Shemeji amehamia kwetu, mdogo wake mke wangu. Nyumba yake imeezuliwa bati ili ipauliwe upya, na fundi aliyechagua msimu wa mvua kuezua bati anastahili kuwa mkuu wa chuo. Amekuja na mabegi mawili, na mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta.

Zamani shemeji alikuwa mpiga piano, tena wa kweli. Nasema hivyo, na mimi sisemi hivyo hovyo. Kisha baridi yabisi ikamkamata vidole, vikajikunja, na sasa anashika kikombe kwa viganja viwili. Piano yake aliiuza. Mke wangu akifungua redio na ukatoka muziki wa ala, shemeji huenda kuangalia kama nguo zimekauka, hata mvua ikiwa inanyesha.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Mke wangu kasema nisikoroge chai kwa mapigo ya nne kwa nne mbele ya mgeni.

Jumatano, 18 Machi

Leo nimedhalilishwa na sinia.

Mkuu alileta wageni wawili ukumbini wakati wa mazoezi, akaniomba niwaonyeshe meza ile. Nikakataa. Akarudia ombi kwa sauti ya kila mtu kusikia, wanafunzi wakaweka ala chini na kukaa vizuri. Basi nikashika fimbo. Bwana Waya alikuwa ametia kwenye kompyuta sehemu ya polepole ya wimbo wa marehemu mwanzilishi wa chuo, ambao nimeuongoza mara nyingi kuliko nilivyokula ndizi.

Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, mkono mpana, bega chini. Fidla za spika zikaanza pamoja nami. Pigo la pili likawa zito kidogo. La tatu likawa zito zaidi. Kila nilivyoshusha mkono, muziki ulikuwa nyuma, nikausubiri, nao ukawa unanisubiri. Tukaendelea hivyo kama watu wawili mlangoni wanaoambiana tangulia wewe, mpaka wimbo ukasinzia, ukasimama kabisa. Mwanafunzi mmoja wa tarumbeta alikohoa. Najua kikohozi cha kucheka.

"Imeharibika," nikasema.

Bwana Waya akainama, akatazama kioo cha kompyuta, akagusa waya huu na ule. "Iko sawa, Mwalimu," akasema kwa upole ule wake unaokera kuliko tusi.

Wakati huo shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Mke wangu alimtuma aniletee vidonge vya presha nilivyosahau mezani. Bwana Waya, ambaye hajui kusoma uso wa mtu, akamwuliza, "Dada, ungependa kujaribu?"

Nilidhani atakwenda kuangalia nguo. Akamtazama yule bwana, akaniachia vidonge mkononi, akasogea. Fimbo hakuweza kuzishika kwa vidole. Alizibana katikati ya kiganja na dole gumba, kama mtoto anavyoshika kijiko. Akashusha moja. Sauti ikatoka. Akatulia. Akaanza upya, na wimbo ukatembea.

Sitaandika ulivyotembea. Naandika tu kwamba ulifika mwisho, na kwamba alipoweka fimbo chini alikuwa amesahau kurudisha mikono ndani ya sweta.

Alhamisi, 19 Machi

Nimefikiri. Ni wazi kwamba Bwana Waya alibadilisha kitu kwenye kompyuta kati ya zamu yangu na zamu ya shemeji. Mtu mwenye karanga mfukoni ana uwezo wa lolote.

Jumanne, 31 Machi

Shemeji sasa anakwenda chuoni kila siku alasiri. Anavaa viatu vya mvua vya mke wangu na kuondoka kabla sijamaliza kula. Bwana Waya ametengewa chumba kidogo nyuma ya stoo ya viti, na ukipita ukumbini unausikia wimbo uleule, pigo moja likirudiwa na kurudiwa. Wakati wa kula shemeji anaongea. Anamweleza dada yake kwamba ukishusha fimbo upesi mwisho wa pigo, sauti inakuwa na ukingo, na ukiishusha kama unaweka kitu kilicholala, inafunguka. Mke wangu anaitikia kama anayeelewa.

"Mashine haina masikio," nikawaambia. "Haisikii unachohisi."

"Ndiyo, shemeji," akasema. "Kwa hiyo siwezi kuidanganya."

Nikahama meza.

Jumatano, 8 Aprili

Mpiga fidla wa kwanza ana homa, hakuja. Nikamweka anayemfuata kwenye kiti chake. Tukaanza sehemu ya polepole.

Nilidhani ni mimi ninayesikia vibaya. Pigo la pili likawa zito. La tatu zito zaidi. Nikasubiri fidla, fidla zikanisubiri mimi, selo zikaangaliana. Nikapiga vidole, nikasema "twende", wakaenda hatua chache, kisha yakawa yaleyale. Okestra nzima ilisinzia mikononi mwangu, tena hii haina waya hata mmoja wa kulaumiwa.

Nimewafukuza mapema. Nimesema ni uchovu.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwake mpiga fidla wa kwanza. Sijawahi kufika. Anakaa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, chumba na sebule, fidla iko juu ya kabati imefunikwa taulo. Alikuwa amejifunga shuka, macho mekundu. Binti yake alileta chai na kutuacha.

"Pole na homa, dada."

"Nimeshapoa, Mwalimu. Nasikia jana mambo yalikwenda kombo."

"Wimbo ulizidi kuwa wa polepole mpaka ukasimama."

Nikaona kwamba habari hiyo haikumshangaza, na jambo hilo likanichoma kuliko habari yenyewe.

"Nakuuliza, dada. Huwa mnanifuata?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka ingawa ilikuwa safi. "Tunakutazama, Mwalimu."

"Sijauliza hilo."

"Wewe unaanza vizuri," akasema taratibu. "Halafu unatusubiri. Unasikiliza kwanza tumefika wapi, ndipo mkono unashuka. Sasa na sisi tukikusubiri, nani atakwenda? Kwa hiyo mimi natikisa upinde wa fidla kidogo, wenzangu wananitazama, wewe unatufuata, na siku inapita."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja. Aliyenitangulia ndiye aliyenionyesha, siku ananiachia kiti."

"Na hakuna aliyefikiria kuniambia."

Akavaa miwani yake, akanitazama bila ubaya wowote. "Mwalimu, nani amewahi kukuambia kitu?"

Nilikunywa chai yote, nikaaga. Nimetembea mpaka nyumbani na mwavuli mkononi bila kuufungua. Mke wangu aliponiona akaleta taulo na hakuuliza. Hata yeye, basi, haniambii kitu.

Ijumaa, 10 Aprili

Sikwenda kazini. Nimesema mafua.

Jumanne, 14 Aprili

Mkuu ameniita ofisini, akafunga mlango, akanimiminia juisi kwa mkono wake mwenyewe. Hapo nikajua kuna mtu anachinjwa.

Akaniambia siri. Shemeji atapewa nafasi kwenye tamasha la kufunga muhula, tarehe ishirini na tatu Mei. Wakubwa wa bodi watakuwepo. Wakishaona kwamba mtu mmoja na meza moja wanatoa sauti ya okestra nzima, hakutakuwa na haja ya kuwarudisha wale sita muhula ujao. "Meza inatosha," akasema. "Haina homa, haina udhuru. Wewe utabaki na wanafunzi wako, Mwalimu, usiwe na wasiwasi."

"Mhandisi anajua?"

"Mhandisi ni mtu wa vifaa," akasema Mkuu. "Mambo ya watu tunashughulikia sisi."

Nimewahi kumdharau mtu huyu kwa sababu ya mapazia, tai zake, na namna anavyosema "kimsingi". Leo nimetambua kwamba nilikuwa napoteza dharau nzuri kwa vitu vidogo.

Nilitoka pale nikifikiria wale sita. Si kweli. Nilimfikiria mmoja. Akiondoka yeye, nani atatikisa upinde?

Jumapili, 19 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Ukuta wa bafuni umeota ukungu wenye umbo la Mkuu.

Jumatano, 22 Aprili

Nimefanya jambo. Naliandika kama lilivyo.

Shemeji alikuwa jikoni anakata vitunguu. Anakishika kisu kwa ngumi, anakikandamiza chini kwa uzito wa bega, polepole, kipande kwa kipande, na hataki kusaidiwa. Alikuwa anaimba kwa pua. Nikasimama mlangoni.

"Nimekusikia jana ukifanya mazoezi," nikasema.

Akageuka, uso wazi kabisa. "Unaonaje?"

Nilikuwa nimepanga. Nikiweza kumtoa kwenye tamasha, Mkuu hatakuwa na cha kuwaonyesha wakubwa, na sita watabaki. Kwa hiyo nikasema kwamba hajafikia. Kwamba watu watamwonea huruma na atadhani wanampongeza. Kwamba aliyewahi kupiga piano namna ile hapaswi kuonekana jukwaani akipungia sinia kama anayefukuza nzi.

Akamalizia kitunguu kilichobaki, vipande vikiwa sawasawa kama mwanzo. Akanawa mikono. Akairudisha ndani ya sweta.

Alhamisi, 23 Aprili

Shemeji hakwenda chuoni. Amesema mvua ni kubwa. Haikuwa kubwa.

Jumatatu, 27 Aprili

Siku ya tano hajaenda. Bwana Waya alikuja mpaka nyumbani, akasimama barazani akichuruzika maji, na mfuko wa karanga kama zawadi. Shemeji akasema anaumwa kichwa. Yule bwana akaniachia karanga mimi, akaniomba nimwambie kwamba ametengeneza fimbo nene zaidi, amezizungushia sponji, zisimuumize kiganja. Akazitoa ndani ya koti, akanionyesha. Alikuwa amezishona mwenyewe, mshono wa hovyo, uzi mwekundu.

Nikasema nitamwambia.

Baada ya chakula mke wangu alikuja kukaa karibu nami. "Umemwambia nini mdogo wangu?"

"Ukweli."

"Ukweli wako una bahati, mzee," akasema. "Kila siku unamwangukia mtu mwingine."

Jumanne, 5 Mei

Nimejaribu wiki nzima kujishawishi kwamba nimewaokoa watu sita. Kila ninapokaribia kufaulu namwona shemeji akipita sebuleni na ndoo ya nguo, anakwenda kuangalia kama zimekauka.

Leo nimemfuata uani. Alikuwa chini ya kibaraza, kamba tupu mbele yake, hakuna hata nguo moja iliyoanikwa.

"Nilikudanganya," nikasema. "Unapiga vizuri. Unapiga vizuri kuliko ninavyoongoza."

Hakugeuka. "Kwa nini ulisema vile?"

Nikamweleza yote: juisi ya Mkuu, bodi, wale sita. Nilipomaliza, maji yalikuwa yanamwagika kwenye mfereji kwa kelele, nikadhani hakunisikia.

"Kwa hiyo ulikuwa na habari," akasema, "na ukaona mimi siwezi kuambiwa. Ukaona rahisi zaidi kunivunja."

"Niliona..."

"Shemeji, vidole vyangu vimeharibika. Akili iko palepale." Sasa aligeuka. Sijawahi kumwona na hasira, inamfaa. "Miaka minne watu wanaongea nami kama wanaongea na mgonjwa. Nikashika kile kitu, na chenyewe hakikunionea huruma. Nikikosea kinakosea. Nikipatia kinapatia. Halafu wewe, unayejiona mkweli kuliko wote, ukanifanyia kama wengine. Sogea nipite."

Nikasogea. Akachukua mwavuli wa dada yake, akaenda chuoni na ndala.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua. Shemeji anaongea na kila mtu mezani isipokuwa mimi. Chumvi anaiomba kupitia kwa mke wangu.

Jumanne, 12 Mei

Nilipita nyuma ya stoo ya viti. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Walikuwa watatu: shemeji, Bwana Waya na mpiga fidla wa kwanza. Bwana Waya alikuwa anasikiliza kwa kichwa kilichoinama, karanga zimelala kiganjani, hazijamenywa. Sijawahi kumwona mtu mpole akikasirika. Hapandishi sauti. Anaacha kula.

"Meza nilimwazima Mkuu," nilimsikia akisema. "Sikumpa."

Waliponiona wakageuka. Mpiga fidla wa kwanza akasema, "Mwalimu," na hiyo ilikuwa salamu na ruhusa ya kuondoka kwa pamoja.

Jumatano, 20 Mei

Mazoezi ya mwisho kabla ya tamasha. Niliongoza, mpiga fidla wa kwanza akatikisa upinde, tukafika. Sasa nauona kila unapotikisika. Ni kama kugundua kwamba nyumba yako ina mtu mwingine anayeishi darini, naye ndiye anayekupashia maji moto.

Jumamosi, 23 Mei

Tamasha.

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hotuba ya kwanza ya Mkuu haikusikika, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu bora ya hotuba. Okestra ilipiga kwanza. Watu wakapiga makofi ya wazazi.

Kisha shemeji akatoka. Alivaa gauni la mikono mifupi. Kuna waliotazama vidole vyake na kuinama kuambiana kitu. Nilitamani kuwatoa nje mmoja mmoja kwa shingo. Akazishika zile fimbo za sponji zenye mshono mwekundu, akasubiri mvua ipungue kidogo, kama mwenye makubaliano nayo, kisha akashusha mkono.

Mara ile ya kwanza nilikataa kuandika. Leo naandika. Alianza polepole kuliko nilivyowahi kuthubutu, na haukusinzia, kwa sababu kila pigo lilijua linakokwenda. Katikati, pale ambapo mimi huharakisha ili watu wasichoke, yeye alikaa. Fimbo ya kushoto ikasogea upande wa selo, akaziinua kidogo, halafu akaziacha zijizime zenyewe. Nilikuwa nimesimama kando ya jukwaa na kitambaa cha jasho mkononi. Mimi ni mtu niliyewasema vibaya wapiga ala wa nusu ya mji huu, na sikupata neno baya hata la kuanzia.

Alipomaliza hawakupiga makofi mara moja. Walikuwa bado wamo ndani ya wimbo. Halafu wakasimama.

Mkuu akarukia kipaza sauti kabla hawajakaa. Akatangaza mustakabali. Akasema kimsingi ukumbi umesikia wenyewe kwamba okestra nzima inaweza kukaa mikononi mwa mtu mmoja, na kwamba kuanzia muhula ujao chuo kitajiendesha kisasa, kwa wapigaji wachache zaidi. Wakubwa wa bodi mstari wa mbele wakatikisa vichwa kwa kukubali.

Nyuma yake, Bwana Waya alikuwa ameshapanda jukwaani. Akachomoa waya wa kwanza, akauzungusha kwenye kiwiko. Akachomoa wa pili. Alifanya taratibu, kama mtu anayefunga duka lake jioni. Fimbo akazitia kwenye koti. Kompyuta akaifunga, akaibana kwapani. Kisha mpiga fidla wa kwanza akainuka kitini, akaweka fidla yake juu ya kiti, akashika ubao upande mmoja, na Bwana Waya upande wa pili. Wakaunyanyua. Shemeji akafungua mlango wa pembeni.

Kicheko kilianza nyuma ya ukumbi. Mkuu alidhani amesema kitu cha kuchekesha, naye akatabasamu, akaendelea na mustakabali, huku nyuma yake ikibaki miguu mitupu ya meza.

Nilikuwa karibu na mlango. Nje maji yalikuwa yanashuka kama yamemwagwa, na ubao ule haupendi maji. Walisita kizingitini. Nikachukua mwavuli wa kwanza nilioukuta ukutani, nikaufungua juu ya sinia, nikatembea pembeni yao mpaka kwenye gari la Bwana Waya upande wa pili wa uwanja. Mimi nililowa mpaka soksi. Ubao haukupata tone.

"Asante, Mwalimu," akasema Bwana Waya, akinyoosha mkono wenye karanga.

Nikala karanga mbili.

Jumatatu, 25 Mei

Mkuu ameniita tena, safari hii bila juisi. Ametaka nimwambie Bwana Waya arudishe kifaa cha chuo. Nikamwuliza kama anayo karatasi inayoonyesha kwamba ni cha chuo. Akasema yalikuwa makubaliano ya kiungwana. Nikasema hapo ndipo alipokosekana muungwana mmoja. Bodi imemwuliza muhula ujao muziki utatoka wapi, kwa kuwa tangazo ameshalitoa na meza hana. Wale sita watarudi. Ameniagiza mimi niwaambie, kwa sababu yeye ana kikao.

Bwana Waya amekataa kumwuzia. Meza inakwenda nyumbani kwa shemeji, bati likishapigiliwa. Chuo kingine kimeshamwalika shemeji akapige.

Alhamisi, 28 Mei

Shemeji amehama leo. Jua limetoka, lile la kichovu la baada ya mvua. Nilimbebea begi moja mpaka barabarani. Gari lilipofika, akasema, "Shemeji, chukua vidonge vyako siku moja. Uje usimame kwenye meza."

"Ili unicheke."

"Ndiyo," akasema. "Na baadaye tuone."

Amenisamehe robo. Kwa mtu kama mimi ni nyingi.

Ijumaa, 29 Mei

Mazoezi ya kufungia muhula. Niliwahi ukumbini kabla ya wote, nikamsubiri mpiga fidla wa kwanza mlangoni.

"Dada, leo usitikise upinde."

Akanitazama juu ya miwani. "Wataanguka, Mwalimu."

"Waanguke."

Akafikiri. "Wanafunzi watacheka."

"Hao wanacheka tangu Machi."

Akaenda kitini kwake. Nikapanda, nikashusha mkono. Wakaanza. Pigo la pili, nikahisi masikio yananivuta nyuma kutafuta wapo wapi, nikasubiri, na okestra ikasambaratika mle mle. Yule wa tarumbeta akakohoa. Nikamwambia akohoe vizuri amalize, tuna kazi. Wakacheka, mimi sikucheka. Tukaanza tena, ikaanguka. Tukaanza tena, ikaenda mistari miwili, wapiga selo wakapotea, nikawaita majina yasiyofaa kuandikwa, tukaanza tena.

Sijawahi kufanya kazi ngumu namna hii: kushusha mkono mahali ambapo bado hakuna sauti. Jasho lilinitoka mgongoni. Mara ya tano tulipita katikati ya ukurasa, vibaya, kwa mwendo ambao hakuna aliyeuzoea. Mpiga fidla wa kwanza alikuwa amekaa na upinde wake umetulia kabisa juu ya uzi, macho yake usoni kwangu, akingoja kuambiwa lini. Niliogopa. Nikashusha mkono, nikamwambia.